Kununua na Kupima Vipuri vya Kompyuta ya Mezani Ukiwa Mtwara

Mtu anayeunda kompyuta ya mezani akiwa Mtwara mara nyingi hununua kitu ambacho hajakishika. Maduka ya hapa mjini yana kibodi, mausi, flashi, wino wa printa na kompyuta mpakato za kutosha, lakini anayetafuta mazabodi (bodi kuu inayounganisha vipuri vyote) ya aina fulani, pawa saplai (kisanduku kinachogawia vipuri umeme) yenye nguvu ya kweli au kadi ya grafiksi (inayotengeneza picha za kwenye skrini) huishia kupiga simu Kariakoo, kutuma fedha kwa simu na kusubiri mzigo ushuke kwenye basi baada ya safari ya kilomita zipatazo 560. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa miaka kadhaa kwa sababu naipenda kazi hii, na ninachomsisitizia kila anayeniuliza ni kwamba umbali huo ndio unaopaswa kuamua namna ya kununua na namna ya kupima. Anayeishi Dar es Salaam akiuziwa kipuri kibovu hukirudisha jioni ileile. Sisi wa kusini hulipia mzigo kwenda na kurudi, na wakati mwingine waranti huisha kipuri kikiwa bado njiani.

Kwa hiyo mazungumzo ya waranti hutangulia mazungumzo ya bei. Wauzaji wengi wa vipuri vya mtumba hutoa muda mfupi wa kurudisha, na wengi wao huanza kuuhesabu siku ya kuuza. Mimi huomba uanze siku ninayopokea mzigo Mtwara, na huomba muuzaji aandike hivyo kwenye risiti au kwa ujumbe wa simu kabla sijatuma fedha. Ombi hili si la kujidekeza. Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara katika eneo la Somanga, mkoani Lindi, na aliyekuwa na mzigo njiani siku zile hakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Muuzaji anayekataa kuandika ahadi yake, hata akiwa na bei nzuri kiasi gani, mimi humwacha.

Baada ya hapo naomba picha ya lebo ya kipuri chenyewe, wala si picha ya boksi au picha iliyopakuliwa mtandaoni. Lebo husema mengi. Mfano mzuri ni ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Kuna ramu za DDR3, aina ya kizazi cha zamani, zilizotolewa kwenye seva ambazo huuzwa kwa bei ya chini sana, na mnunuzi asiyejua hufurahi kupata GB 16 kwa fedha ambayo alidhani ingempatia GB 8. Ramu hizo hazitawasha kompyuta ya kawaida ya mezani. Ukitazama lebo utaona maandishi kama PC3L-12800R, na herufi R ya mwisho ndiyo inayokuonya. Ya mezani huishia na U. Picha moja iliyo wazi inatosha kukuepusha na hasara hiyo.

Kwa anayeanza, napendekeza anunue kwanza kompyuta kamili ya ofisi iliyotumika, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha aiboreshe pole pole, kuliko kukusanya vipuri vyote kimoja kimoja kutoka kwa wauzaji mbalimbali. Mashine hizi ni imara na zipo kwa wingi. Hata hivyo zina mitego miwili. Mtego wa kwanza ni umri wa prosesa: Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa prosesa za Intel, inadai rasmi kizazi cha nane kwenda mbele pamoja na TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya kompyuta), isipokuwa modeli chache sana. Mashine ya kizazi cha nne inaweza kukufanyia kazi vizuri sana ukiweka Linux, lakini bei yake lazima ifanane na hali hiyo, na muuzaji akikuambia kwamba ni sawasawa na mpya usikubali. Mtego wa pili ni pawa saplai. OptiPlex 9020 hutumia plagi ya pini 8 kwenye mazabodi badala ya ile ya kawaida ya pini 24, na EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6, hivyo siku pawa saplai ikifa hutapata mbadala dukani Mtwara, na utalazimika kuagiza ya aina hiyohiyo au kutafuta waya wa kubadilishia plagi. Uliza jambo hili kabla ya kununua.

Pawa saplai ndiyo kipuri ninachokipima kwanza na kwa muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu ikiwa mbovu inaweza kuua vipuri vingine vyote vilivyoungwa nayo. Kama korosho ghafi zinavyopasuliwa sampuli ghalani kabla ya kupangiwa daraja, pawa saplai nayo haijulikani kwa kuangalia ganda. Namba kubwa iliyochapishwa ubavuni, wati 500 au 600, isikubabaishe. Tafuta kwenye jedwali la lebo safu ya volti 12, kisha zidisha ampea zake kwa 12, kwa kuwa prosesa na kadi ya grafiksi huchota nguvu zao kubwa hapo. Nimeshika mkononi pawa saplai iliyoandikwa wati 600 ambayo safu ya volti 12 ilikuwa na ampea 18 tu, yaani wati 216. Ilikuwa nyepesi mno, na nyaya zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba zilijikunja zenyewe zilipoachiwa. Uzito si kipimo cha kisayansi, lakini pawa saplai ya kweli ina koili na vipande vya kupoozea joto, na vitu hivyo vina uzito.

Mafundi wengi huunganisha waya wa kijani na waya mweusi kwenye plagi kubwa, feni ikizunguka wanasema nzima. Jaribio hilo linathibitisha kwamba inawaka tu, halithibitishi kwamba inaweza kazi. Kipimo chenye maana hufanyika kompyuta ikiwa imebebeshwa kazi nzito. Mimi huwasha programu ya kuichosha prosesa, kama Prime95, na kama kuna kadi ya grafiksi naongeza FurMark inayoichosha kadi hiyo, halafu napima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye plagi ya ziada yenye pini nne: waya wa njano uwe na volti 12, mwekundu volti 5, na mweusi ndio wa kurejea. Kanuni za ATX, ambazo ndizo viwango vya pawa saplai za kompyuta za mezani, zinaruhusu tofauti ya asilimia 5, kwa hiyo volti 12 inaweza kusoma kati ya 11.4 na 12.6, na volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Ile yenye ampea 18 ilisoma 12.1 kompyuta ikiwa imetulia. Prosesa ilipoanza kazi ilishuka hadi 11.6, na kadi ilipoamka ikaenda 11.3, kisha kompyuta ikajizima. Nilipiga picha ya multimita kila hatua. Ikumbukwe kwamba vipimo hivi vyote hufanyika kwenye plagi ya nje. Sanduku la pawa saplai lenyewe lisifunguliwe, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme wa hatari hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Baada ya pawa saplai huja ramu, na hapa subira inahitajika. Rafiki yangu mwalimu wa Mikindani alinunua kompyuta ambayo ilikuwa inafungua Windows, inacheza video na kuvinjari bila tatizo, lakini kila baada ya siku mbili tatu faili la alama za wanafunzi lilikuwa likigoma kufunguka. Fundi wa kwanza alilaumu virusi akaisafisha mashine yote, na tatizo likarudi palepale. Niliwasha MemTest86+ kutoka kwenye flashi, programu ya bure ambayo huendeshwa kabla ya Windows, nikaiacha ifanye kazi usiku. Mzunguko wa mwanzo ulipita safi. Asubuhi nilikuta mistari mekundu imejaa chini ya skrini, yote ikitaja eneo lilelile la kumbukumbu. Hapo kazi ikawa ya kutenga: kila ramu ikapimwa peke yake kwenye tundu moja, kisha ile iliyopita ikahamishiwa kwenye tundu la pili ili kujua kama tundu nalo ni zima. Kabla ya kuhukumu nilifuta meno ya ramu ile yenye makosa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na alkoholi ya isopropili, kwa sababu nyumba iko karibu na ghuba na meno yalikuwa na utando wa kahawia. Nikairudisha, safari hii kwenye tundu la pili, na makosa yakajitokeza tena mahali palepale.

Nilimpigia muuzaji aliyeko Dar es Salaam. Alisema, "Kaka, huku ilikuwa inawaka bila shida yoyote." Nikamjibu kwamba ni kweli, na hata huku inawaka, kisha nikamtumia picha za skrini zikionyesha ramu ileile katika matundu mawili tofauti. Baada ya muda mfupi akaandika, "Nimeona kaka, irudishe nikubadilishie." Nadhani tunawalaumu wauzaji kupita kiasi wakati mwingine. Wengi wao hununua kwa jumla, huwasha mara moja, huona picha kwenye monita, na huuza kwa imani njema. Ukimpa ushahidi wa kueleweka badala ya malalamiko, utapata haki yako haraka zaidi. Kwa ramu, kosa moja linatosha kuikataa. Hakuna idadi ndogo ya makosa inayovumilika.

Kuhusu kadi za grafiksi, jihadhari na zile zilizobadilishwa utambulisho. Mtu huchukua kadi ya zamani kama GTS 450, akaiandikia programu ya ndani inayojitaja GTX 1050 Ti, na Windows ikakubali jina hilo. Programu ya GPU-Z, inayosoma utambulisho wa kadi, tangu toleo la 2.12, huweka neno la onyo mbele ya jina la kadi nyingi za namna hiyo. Hata bila programu, kadi inayodai kuwa GTX 1050 Ti huku ina tundu la VGA (lile la zamani la kuunganishia monita) itiliwe shaka kubwa, kwa kuwa chipu za kizazi hicho zenyewe hazitoi mawimbi ya analogi. Kadi halisi ya aina hiyo inafaa sana kwa mashine za ofisi, maana hutumia takriban wati 75, kiasi ambacho tundu la PCI Express linaweza kutoa bila waya wa ziada, ingawa kwa kasha jembamba itakubidi kutafuta kadi fupi.

Diski hazina maneno mengi. Fungua CrystalDiskInfo, programu inayosoma hali ya diski, soma saa zilizotumika na idadi ya sekta (vipande vidogo vya kuhifadhia data) zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa. Diski yenye saa 35,000 imefanya kazi mfululizo kwa muda unaolingana na miaka minne, na ikiwa sekta zinazosubiri zimezidi sifuri, usiiwekee kitu unachokipenda. SSD, yaani diski isiyo na sehemu zinazozunguka, yenye ukubwa wa kushangaza kwa bei ya kushangaza ijazwe yote kwa H2testw, programu ambayo huandika data hadi mwisho na kuisoma tena, ili ujue kama ukubwa ule upo kweli.

Jambo ambalo wapimaji wa Ulaya na Marekani hawatuelezi, kwa sababu haliwahusu, ni joto na hewa ya bahari. Vipimo vyao hufanyika kwenye vyumba vya nyuzijoto 20 hivi. Chumba changu hapa Shangani mchana wa Desemba hufika 31, na tofauti hiyo huongezeka karibu yote kwenye prosesa: wao wakiandika 70, wewe tarajia 80 na kitu. Kwa hiyo pima mchana, wakati wa joto, feni ya chumba ikiwa imezimwa, kwa sababu kompyuta inayopita mtihani saa nne usiku inaweza kujizima saa nane mchana. Kwa mashine ya mtumba, badilisha kabisa bandiko la kupitishia joto chini ya hitisinki (chuma cha kupoozea prosesa), maana lile la zamani mara nyingi limeshakauka kabisa. Chumvi nayo hushika chuma polepole. Vipuri visivyotumika nahifadhi kwenye mifuko yao ya kuzuia umeme tuli, ndani ya ndoo yenye mfuniko, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu.

Umeme ukikatika na kurudi, ule wa kurudi ndio unaonitia hofu zaidi. UPS (kifaa chenye betri kinachoendelea kuipa kompyuta umeme ukikatika) ninayonunua naipima kwa kuchomoa waya wake ukutani kompyuta ikiwa kazini, kwa sababu baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani na UPS za bei nafuu, nazo hujizima papo hapo ingawa betri imejaa. Jaribio hilo lifanyike UPS na pawa saplai zote mbili zikiwa bado ndani ya waranti, wala lisisubiri kukatika kwa umeme kwenyewe.

Msimu wa korosho unapoanza, Oktoba, fedha huingia mitaani na watu wengi hunifuata na orodha za kununua. Huwaomba wasinunue vyote kwa mkupuo. Chukua pawa saplai na mashine kwanza, uzipime hadi uridhike, ndipo uagize ramu, kisha diski, na kadi iwe ya mwisho, ili kila kipuri kipya kiingie kwenye mashine ambayo tayari unaiamini na kasoro ikitokea ujue imeletwa na nani. Kila kimoja kiandikie kwenye daftari tarehe ya kupokea, namba ya lebo na matokeo ya vipimo. Boksi na sponji zake usitupe hadi waranti iishe, na ukilazimika kurudisha, picha ya matokeo iambatane na mzigo ndani ya boksi, maana anayeupokea Kariakoo huenda asiwe yule uliyezungumza naye kwenye simu.