Usipime Mzigo wa Seva Ukiwa Umefumba Macho

Novemba ndio mwezi wa kupima. Desemba ikishaingia, wanaokata tiketi za basi kutoka Nairobi kwenda Kisumu, Kakamega na Busia huingia mtandaoni kwa pamoja, na tovuti iliyokuwa ikijibu kwa nusu sekunde huanza kuzungusha tu. Wengi hupakua programu ya kupima mzigo, wakarusha maombi elfu kumi, wakapata nambari moja: seva inabeba maombi 25 kwa sekunde. Sasa? Kwa nini 25 na si 60? Ni prosesa imechoka, ni hifadhidata, au ni kikomo kilichokuja na Ubuntu, mfumo endeshi wa seva, na hakuna aliyewahi kukigusa? Hilo utalijua tu ukiitazama seva sekunde ile ile inapopigwa.

Kwa hiyo anza na macho kabla ya ngumi. Kwenye seva weka node_exporter, programu ndogo inayotoa vipimo vya prosesa, memori na diski. Husikiliza kwenye mlango 9100 na haiulizi nenosiri, basi kwa ufw, ukuta wa moto wa Ubuntu, ruhusu anwani ya mashine moja tu, ile yenye Prometheus, programu inayokusanya vipimo hivyo. Prometheus usiiweke kwenye seva unayoipima. Seva ya gigabaiti 2 inayobeba tovuti, hifadhidata na kipimo juu yake itakupa majibu ya kipimo, si ya tovuti. Kisha rekebisha scrape_interval, yaani kila baada ya muda gani Prometheus inachukua vipimo. Usipoiandika ni dakika moja, na faili la mfano huja na sekunde 15. Andika 5. Jaribio la dakika kumi kwa kipimo cha kila dakika ni nukta kumi tu, na kilele cha sekunde 20 kitapita katikati ya nukta hizo bila kuonekana.

Kama haya yote ni mengi kwa leo, fungua madirisha mawili ya ssh (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali): moja la logi za nginx, inayopokea wageni wa tovuti, na PHP, inayotengeneza kurasa, jingine la amri vmstat -t 5, inayoonyesha hali ya seva kila sekunde 5. Mstari wa kwanza wa vmstat uruke, ni wastani tangu seva iwashwe. Inayofuata isome hivi: tuseme seva ina prosesa 2 na unaona r 14, us 61 (programu), sy 12 (mfumo), id 3 (prosesa imepumzika), wa 1 (inasubiri diski), st 23. Kazi kumi na nne ziko kwenye prosesa au zinaisubiri, wakati nafasi ni mbili. Hiyo st 23 ndiyo ya kukasirisha: asilimia 23 ya muda wa prosesa imechukuliwa na wapangaji wenzako kwenye mashine moja ya kukodi. Hakuna msimbo utakaoandika ukairudisha. Unahama au unalipia daraja la juu. Safu ya wa ikipanda, tazama diski. Safu za si na so zikitoka kwenye sifuri na kubaki juu, memori imeisha na seva inaandika kwenye swopu, sehemu ya diski inayotumika kama memori, na hapo simamisha jaribio kwa sababu nambari zinazofuata hazina maana.

Jambo dogo linalopoteza watu saa nzima: seva nyingi za kukodi hutumia saa za UTC. Kilele cha saa tatu usiku Kisumu kwenye logi kimeandikwa 18:00. Ukitafuta 21:00 utakuta kumetulia, uanze kumlaumu mtu wa bure.

Mzigo wenyewe usiubuni. Chukua logi ya siku yenye watu wengi zaidi, chambua safu ya saa kwa amri ya awk, pitisha kwenye amri za sort na uniq -c zinazopanga na kuhesabu, uone sekunde iliyozidi zote. Kama tovuti ni mpya, piga hesabu: watu 3,000 kwa saa, kila mmoja maombi 12, ni 36,000 kwa saa, yaani 10 kwa sekunde. Ila watu hawaji kwa foleni iliyonyooka. Zidisha kwa nne, upime hadi 40.

Kwa kurusha mzigo tunapendekeza programu ya k6, na katika k6 chagua ramping-arrival-rate, namna inayorusha maombi kwa kasi uliyoipanga bila kungoja majibu. Ile namna ya watumiaji 50 wanaozunguka ina udanganyifu: seva ikichelewa, nao wanasubiri, mzigo unapungua wenyewe, na seva inaonekana inamudu. Abiria wa kweli hana huruma hiyo. Basi likichelewa, wengine wanazidi kufika stendi. Panda kutoka 5 hadi 40 kwa sekunde ndani ya dakika nane, kaa hapo dakika tano. Hesabu ya watumiaji wa kuandaa: 40 mara nusu sekunde ni 20, weka preAllocatedVUs 60 na maxVUs 200. Ukiona dropped_iterations kwenye matokeo, k6 imeishiwa watumiaji na haikurusha ulichokiagiza.

Usirushe kutoka laptopu ya nyumbani Milimani. Ukurasa wa kilobaiti 500 ni megabiti 4. Laini ya megabiti 20 inajaa kwa kurasa tano kwa sekunde, na kuanzia hapo unapima laini yako. Kodi mashine ndogo kwa saa chache katika kituo kile kile cha data. Ukimaliza, fungua tovuti mara moja kwa data ya simu ukiwa Kondele, ujue mteja anaongezewa milisekunde ngapi na safari ya kwenda kwenye seva na kurudi, tuseme kama iko Frankfurt, Ujerumani.

Sasa kiini. Kwenye seva nyingi za PHP utaona hivi: hadi maombi 24 kwa sekunde muda wa p95 (ule ambao maombi 95 kati ya 100 hujibiwa ndani yake) umetulia, kisha kufika 26 unaruka hadi sekunde kadhaa, na prosesa bado iko asilimia 30. Seva imepumzika, watu wanasubiri. Fungua logi ya PHP-FPM, inayogawia vibarua wa PHP kazi, utakuta onyo la pm.max_children, idadi ya juu ya vibarua hao, ambayo kwenye Debian na Ubuntu huja ikiwa 5. Vibarua watano, kila ombi milisekunde 200: kila kibarua anamaliza matano kwa sekunde, jumla 25. Hesabu imekwisha hapo. Dawa si kuandika 100. Kibarua mmoja akila megabaiti 60, na seva ya gigabaiti 2 ikibakiwa na megabaiti 1,100 baada ya hifadhidata na mfumo, nafasi ni 18. Ukizidisha unahamia kwenye swopu. Pia linganisha na hifadhidata: MySQL hukubali miunganisho 151, PostgreSQL 100, usipobadilisha.

Lakini mara nyingi kibarua hana kazi, anangoja M-Pesa. Ombi la STK, lile linalomletea mteja kisanduku cha kuweka PIN kwenye simu, likishikiliwa sekunde 3 ndani ya ukurasa, vibarua watano hawafikishi hata malipo mawili kwa sekunde, na wanaotaka kuona ratiba tu wanakwama nyuma yao. Kazi hiyo ipeleke kwenye foleni ya nyuma, mteja aonyeshwe ukurasa wa kusubiri. Wakati wa jaribio, usirushe maombi kwa Daraja, mlango wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, hata sehemu yake ya majaribio. Tengeneza seva bandia inayolala sekunde 2 kisha ijibu.

Tahadhari na kasi ya uongo. Nginx ikishindwa kumfikia PHP hurudisha 502, namba ya kosa, ndani ya milisekunde chache, na wastani wako unakuwa mzuri ajabu. Kwa hiyo hesabu makosa kando, na uukague ukurasa wenyewe: kama neno "Chagua kiti" halimo, jibu ni kosa hata likija na 200, namba ya kufaulu. 504 ni subira iliyoisha, kwa kawaida baada ya sekunde 60. 499 ni mteja aliyekata tamaa akafunga.

Pima seva yako mwenyewe tu, na mjulishe mwenye kituo cha data kabla. Kumrushia mtu mwingine mzigo bila ruhusa kunakuingiza kwenye Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018.

Badilisha kitu kimoja, rudia jaribio lile lile, hifadhi grafu zote mbili. Kisha futa tiketi zilizokatwa na abiria hewa, la sivyo Ijumaa basi la usiku litaonekana limejaa na viti viko wazi.