Maswali ya wasomaji: Ejenti anataka milioni 6 anipeleke kwenye mavuno Kanada, nimpe?

*Shikamoo dada. Mimi ni kijana wa miaka 27, natokea Katesh, Hanang, naendesha trekta na kombaini kwenye ngano huku kwetu. Mzee wangu alifanya kazi kwenye yale mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la kilimo la serikali, enzi zile za msaada wa Wakanada, ndo maana Kanada naisikia tangu mdogo. Sasa kuna ejenti Arusha anasema ana kazi ya mavuno jimbo la Saskatchewan, wiki 6 tu, viza uhakika, ila anataka milioni 6 za kulipia LMIA kabla mwezi haujaisha. Nina ng'ombe naweza kuuza. Niuze? Na kazi yenyewe ikoje?*

Marahaba mdogo wangu. Ng'ombe usiuze. Naanzia hapo kwa sababu najua huyo mtu anakupigia kila siku kukwambia nafasi zinaisha.

LMIA ni karatasi ambayo mkulima mwenyewe anaiomba serikali ya Kanada, anaonyesha katafuta mtu wa kwao kakosa, kwa hiyo aruhusiwe kuajiri mgeni. Anaomba yeye na analipa yeye. Kwa kazi nyingi ada yake ni dola 1,000 za Kanada (dola zote humu ni za Kanada), na kazi za shambani zimesamehewa hata hiyo, afu sheria inakataza kabisa mfanyakazi kudaiwa hela ya LMIA au ya kutafutiwa kazi. Sasa milioni 6 zako zinaenda kulipia nini? Cha kwako wewe ni ada ya kibali cha kazi dola 155, dola 85 za alama za vidole na picha, na vipimo vya afya ukiambiwa upime. Nauli usikubali kubahatisha, iandikwe kwenye mkataba nani analipa kwenda na kurudi.

Na hizo wiki 6 ndo zimenitia shaka zaidi. Makaratasi haya yanachukua miezi, mkulima akishaamua kuyahangaikia anataka mtu wa kuanzia kupanda mwezi wa 5 mpaka mavuno yaishe mwezi wa 10, hawezi kusumbuka vile kwa ajili ya wiki chache. Wale vijana utakaosikia wanaenda mavuno tu wanatoka Ireland au Australia, wana viza yao ya vijana ya kusafiri na kufanya kazi, na nchi zetu hazimo kwenye huo mpango. Kuna na mpango mwingine wa msimu wa mashambani, huo ni wa Meksiko na nchi za Karibi. Ejenti akikutajia wowote kati ya hiyo miwili achana naye siku hiyohiyo.

Mwambie akupe jina la shamba, jina la mkulima na mkataba, afu omba uongee na mkulima kwa video. Mkulima wa kweli atakuhoji wewe mpaka ukome: kombaini gani umeendesha, ukiona punje zinavunjika unarekebisha wapi, ngano ikilala chini unaikataje. Anakukabidhi mashine ya mamia ya maelfu ya dola, lazima akuhoji. Asiyekuuliza chochote zaidi ya lini unatuma hela, huyo hana shamba.

Mkataba wenyewe usome polepole, kwa sababu Saskatchewan sheria ya kazi ya jimbo haimpi mtu wa shamba haki ya ovataimu. Kwenye mavuno saa 14 au 16 kwa siku ni kawaida, kwa hiyo karatasi iseme saa zote zinalipwa na kwa kiasi gani. Ulizia na siku za mvua, maana inaweza kunyesha wiki nzima kombaini zimesimama na wewe upo chumbani, je unalipwa? Na bima ya ajali kazini. Mashamba ya kule hayalazimiki kuwemo kwenye mfuko wa fidia wa jimbo, ila mpango wa wafanyakazi wa kigeni unamtaka mwajiri awe na bima yako, na isikatwe kwenye mshahara wako.

Kazi utaiweza, nakwambia kwa uhakika. Mavuno yanaanza mwezi wa 8 na adesi na njegere, afu ngano, shayiri, na kanola, ile ya mbegu za mafuta. Shamba wanahesabu kwa sekisheni, moja ni ekari 640, na mtu mmoja anaweza kuwa na nyingi tu. Ila usitegemee kukalishwa kwenye kombaini siku ya kwanza, wengi tulianzia kwenye trekta lenye tela la nafaka. Kombaini haisimami kupakua, wewe unaenda sambamba nayo, bomba lake liko juu ya tela lako, unaangalia mbele na unaangalia ngano inavyojaa nyuma kwa wakati mmoja, ukipunguza mwendo kidogo tu inamwagika chini. Redioni wanaongea harakaharaka, kila kitu busheli na ekari. Busheli ya ngano ni kama kilo 27, hizo hesabu zizoee kabla hujaondoka.

Jioni utaona bosi anashuka, anachota ngano anaiweka kwenye kipimo cha unyevu. Ikizidi asilimia 14.5 haihesabiki kuwa kavu, kanola ni 10, na umande ukishashuka majani yanakuwa magumu mashine inaanza kukoroma, hapo ndo mnafunga kazi, iwe saa nne usiku au saa nane. Siku kavu zenye upepo umande hauji, na hizo ndo siku watu wanaumia kwa uchovu. Ukisikia macho yanafumba sema redioni, hakuna mkulima mwenye akili atakayekulaumu.

Sasa nisikilize vizuri kuhusu vihenge. Ni vile vya chuma, virefu, nafaka inatolewa kwa chini, na ikiganda juu kuna mtu atakwambia ingia uibomoe kwa fimbo. Usiingie wakati mashine ya kutoa inafanya kazi, hata akikwambia nani. Nafaka inayotembea inakuvuta miguu kwa sekunde chache, na mtu akishazama mpaka kiunoni hata wanaume wanne hawamvuti kwa mikono, ngano imembana pande zote. Watu wanakufa hivyo, na watoto wa wenye mashamba wamo. Wewe ni mgeni, unataka kuonekana mchapakazi, kibali chako kina jina la huyo bosi, kwa hiyo kukataa kunakuwa kugumu, nalijua hilo. Kataa. Mwambie izimwe kwanza, ifungwe isiwashwe, uwe na mkanda na kamba na mtu amesimama mlangoni.

Kuhusu yale malori makubwa ya semi, leseni ya kwetu haitoshi. Tangu 2019 Saskatchewan wanataka mafunzo yasiyopungua saa 121.5 ndo upate Klasi 1, leseni ya malori hayo.

*Habari mwanangu. Kijana wangu yuko shambani Saskatchewan tangu mwezi wa 5. Bosi kachukua pasipoti anasema anamtunzia, na mshahara wa mwezi uliopita umekuja pungufu. Nikimpigia usiku hapokei. Nifanyeje? Mama, Moshi.*

Shikamoo mama. Simu kwanza: tunawazidi saa 9 mwaka mzima, saa tatu usiku ya Moshi kule ni saa sita mchana, yuko kwenye mashine. Jaribu saa kumi na mbili au saa moja asubuhi ya kwetu, kule ni usiku na huenda kashapumzika.

Pasipoti bosi hana ruhusa ya kuishika, airudishe. Na kibali chake kumfunga kwa mwajiri mmoja kusimtishe akavumilia, maana tangu 2019 kuna kibali cha wazi kwa mfanyakazi anayenyanyaswa au aliye hatarini kunyanyaswa, anaomba akiwa hukohuko Kanada, hakina ada, na akikipata anaweza kufanya kazi kwa mwajiri mwingine. Ila watataka ushahidi. Aandike saa zake kila siku kwenye daftari, na leo hiihii apige picha mkataba, kibali na stakabadhi za mshahara, akutumie wewe kwenye WhatsApp ubaki nazo.