Mifupa ya Nyangumi, Klorini na Vanishi: Jibu kwa Mwalimu wa Pwani

Swali

Mtaalamu, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu na ninasimamia chumba kidogo cha makumbusho katika mji wetu wa pwani. Mwaka juzi nyangumi mwenye nundu, wa urefu wa mita 13 hivi, alikufa ufukweni kwetu. Tulimzika mchangani, na sasa, baada ya miezi 18, tumemfukua. Mifupa imekamilika isipokuwa vidole vichache vya mapezi, ila ina rangi ya kahawia na bado inanuka. Fundi mmoja ameahidi kuiloweka katika klorini ya kufulia, kuipaka vanishi mara tatu na kuining'iniza darini, yote ndani ya wiki mbili. Tunataka chumba kionyeshe uhusiano wa nyangumi na binadamu. Kwenye kibao tumekusudia kueleza kwamba huyu ndiye nyangumi atoaye ambari, lile donge la manukato, na kwamba zamani aliwindwa kwa ajili ya mafuta ya kuwashia taa, mpaka petroli ilipopatikana. Je, tutumie waya wa unene gani?

Jibu

Mwalimu, shikamoo. Waya nitaufikia kwa ufupi mbele ya safari, maana si huo unaonitia wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni klorini na vanishi, na kwa kuwa swali la namna hii hunifikia karibu kila mwaka msimu wa kusi ukiisha na mizoga ikiwa imeonekana hapa na pale, nakuomba uniwie radhi iwapo maneno yangu yatakuwa na ukali ambao wewe binafsi hustahili. Ukali huo ni wa fundi wako na wenzake. Wamewaaminisha watu kwamba mfupa mweupe ndio mfupa safi, na kwa imani hiyo nimeona mifupa iliyokaa salama mchangani ikiharibika ndani ya juma moja baada ya kufukuliwa.

Wengi wa mafundi hao wamejifunzia kazi kwenye mafuvu ya ng'ombe na mbuzi. Mfupa wa paja la ng'ombe ni bomba gumu lenye uboho katikati, na ukishautoa uboho huo umekwisha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Nyangumi hana bomba la namna hiyo. Chini ya ganda jembamba la nje, mfupa wake ni kama sponji mpaka katikati, na vitundu vya sponji hiyo vimejaa mafuta, hasa katika fuvu, taya na pingili za uti wa mgongo. Katika makumbusho ya uwindaji wa nyangumi ya New Bedford, Marekani, kuna mifupa ya nyangumi wa buluu ambaye hakuwa amekomaa, aliyegongwa na meli ya kubebea mafuta mwaka 1998. Iliningʼinizwa mwaka 2000, na zaidi ya miaka 20 baadaye ilikuwa ingali ikidondosha mafuta, tone baada ya tone, na wahifadhi wakaiwekea chombo cha kuyakinga. Kule Kanada, nyangumi wa buluu aliyezikwa katika kisiwa cha Prince Edward mwaka 1987 alipofukuliwa mwaka 2008 ili apelekwe Vancouver, alikutwa bado ana nyama juu ya mifupa. Mchanga wetu una joto na bakteria wake hufanya kazi upesi zaidi, lakini ile harufu uliyoitaja inakuambia wazi kwamba miezi 18 haikutosha.

Sasa fikiria fundi anakuja na klorini. Klorini haiyafikii mafuta yaliyo ndani. Inachokula ni kolajeni, ile protini inayoyashikilia madini ya mfupa pamoja, nayo huendelea kuila hata baada ya mfupa kusuuzwa, kwa sababu imekwisha kunyonywa na sponji. Nimewahi kushika pingili ya nyangumi katika stoo ya shule moja, iliyooshwa kwa dawa hiyo miaka michache kabla. Ilikuwa nyeupe ya kupendeza, na nilipoirudisha mezani kiganja changu kilibaki na unga kama wa muhogo. Unga ule ndio uliokuwa mfupa. Hakuna mhifadhi awezaye kuurudisha.

Vanishi nayo huziba mlango ambao mafuta yangetokea. Mafuta yaliyofungiwa huchacha, huzalisha asidi, huchomoza kwa madoa ya kahawia chini ya utando unaong'aa, kisha utando wenyewe hunata na kukusanya vumbi na wadudu. Baada ya hapo hata mtu mwenye ujuzi atashindwa kuuosha mfupa bila kwanza kuiondoa vanishi, na vanishi ya dukani haikutengenezwa ili iondolewe. Wapo pia wanaoloweka mifupa katika petroli au mafuta ya taa, ndani ya banda la makuti, huku mmoja wao akivuta sigara. Wapo wanaochanganya klorini na amonia ili “kuongeza nguvu”, wasijue kwamba mchanganyiko huo hutoa hewa yenye sumu inayochoma mapafu. Fundi wako akitaja lolote kati ya hayo mawili, Mwalimu, mfungie mlango.

Njia iliyo salama ni ya polepole na haina siri. Mifupa ikae kwanza katika matangi au mapipa ya maji yasiyo ya chumvi, kivulini, maji yabadilishwe kila yanapochafuka sana, na bakteria waachwe wafanye kazi yao. Joto la pwani litawasaidia bila gharama. Baadaye ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, irudishwe majini, na zoezi hilo lirudiwe kwa miezi kadhaa, pengine kwa mwaka na zaidi, ambapo fuvu na taya ndivyo vitakavyochelewa kuliko vyote. Mahali ambapo matangi hayapatikani, lundo la samadi na maranda ya mbao hufaa. Makumbusho ya Royal Ontario ya Toronto yalitumia lundo la aina hiyo kwa nyangumi wa buluu waliokufa kwenye barafu mwaka 2014, na sidhani kama kuna mtu aliyeyaita ya kishamba. Wafanyakazi wavae glavu na barakoa, kwa maana mzoga wa mnyama wa baharini hubeba bakteria wanaoweza kumdhuru binadamu. Kisha mifupa ikauke polepole kwenye vichanja vyenye kupitisha hewa, mbali na jua la moja kwa moja ambalo huipasua. Sehemu inayomeguka tu ndiyo ipakwe Paraloid B-72, yaani gundi ya plastiki ya wahifadhi, iliyoyeyushwa katika asetoni, kwa sababu mtu wa baadaye ataweza kuiyeyusha tena na kuiondoa. Rangi ya kahawia iliyobaki iacheni ilivyo.

Kabla hamjasafisha chochote, rudini kaburini na chekeche. Vidole mnavyovikosa huenda bado vimo humo, pamoja na mifupa miwili midogo ya nyonga ambayo haijashikana na uti wa mgongo na ambayo wachimbaji wengi huitupa wakidhani ni vipande vya mbavu. Mifupa hiyo ndiyo itakayomweleza mtoto, bila kibao chochote, kwamba wahenga wa nyangumi walikuwa na miguu.

Na waya? Sitakupa unene, kwa kuwa jibu linategemea uzito wa kila kipande na nguvu ya paa, na hiyo ni kazi ya mhandisi wa majengo aliyefika na kupima. Ikiwa chumba chenu kiko katika nyumba ya mawe yenye dari ya boriti za mikoko, msijaribu kuning'iniza kabisa. Nyumba hizo zilipimwa upana kwa urefu wa boriti, hivyo nyangumi wa mita 13 hangeweza hata kugeuka humo. Msimamisheni juu ya stendi za chuma katika ua uliofunikwa.

Nakuja kwenye kibao, ambako naona kosa lilelile la klorini na vanishi limeingia kwa njia ya maneno.

Kwanza, nyangumi mwenye nundu hatoi ambari. Huyo hana meno. Anakula kwa kuchuja maji kupitia safu za nyuzi ngumu zinazoning'inia kinywani mwake. Ambari hutokana na matumbo ya nyangumi mwingine, yule mkubwa wa kichwa na mwenye meno katika taya la chini, ambaye hula ngisi na kubaki na midomo yao migumu isiyomeng'enyeka. Ambari inastahili nafasi katika chumba chenu, kwa sababu al-Masudi, mwanajiografia Mwarabu aliyesafiri katika bahari hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba iliyo bora kuliko zote ni ile ipatikanayo katika visiwa na fukwe za Zanji, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki. Lakini msimpachike mnyama huyu sifa isiyo yake. Wala msinunue donge la ambari ili kulipamba kabati, maana mengi yanayouzwa ni nta au mafuta ya mawese yaliyoganda, na lililo la kweli linaweza kuwaletea matatizo ya kisheria, kwani baadhi ya nchi zimepiga marufuku biashara yake.

Pili, ile habari ya taa na petroli. Ni kweli kwamba meli za Wamarekani za kuwinda nyangumi zilitia nanga Unguja katika karne ya 19 kutafuta maji, kuni na chakula, katika kipindi kilekile ambacho Marekani ilitia saini mkataba na Seyyid Said mwaka 1833, ikaweka konseli, yaani mwakilishi wake, Unguja mwaka 1837, na wafanyabiashara wake wakatuletea kitambaa ambacho hadi leo tunakiita merikani. Ni kweli pia kwamba mafuta ya nyangumi yaliwasha taa za nchi nyingi. Lakini kisima cha petroli cha Pennsylvania kilichimbwa mwaka 1859, na nyangumi wengi zaidi waliuawa baada ya hapo kuliko kabla yake. Katika karne ya 20 pekee, kwa meli za injini na mizinga ya kurushia vyusa vyenye baruti, waliuawa karibu nyangumi milioni 3 wa aina zote. Wa nundu wa nusu ya kusini ya dunia, yaani ukoo wa huyu mliyemzika, waliuawa zaidi ya 200,000, wengi wao katika bahari ya Antaktika ambako hula kabla ya kuja kuzalia katika maji yetu ya joto. Mafuta yao yalikwenda kwenye sabuni na majarini. Kituo cha uwindaji cha Durban kilifungwa mwaka 1975. Mwaka 1979 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliitenga Bahari ya Hindi kuwa hifadhi, kwa pendekezo la Shelisheli, na mwaka 1982 ikaamua kusimamisha uwindaji wa biashara. Kibao kinachosema petroli iliwaokoa nyangumi kimewasafisha watu kwa klorini.

Kwa hiyo nashangaa kuona mnataka kuyaficha mafuta yanayotoka kwenye mifupa, wakati mafuta hayo ndiyo habari yenyewe ya chumba chenu. Wekeni sinia safi chini ya taya na mwache tone lionekane. Pembeni wekeni kipande cha sabuni, na kopo la sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo mafundi wa vyombo bado wanayajua, pamoja na maelezo kwamba Abu Zayd, mwandishi wa bandari ya Siraf kule Uajemi, katika karne ya 10, alieleza jinsi mafuta ya nyangumi yalivyochanganywa na vitu vingine kupakwa kwenye vyombo vilivyoshonwa kwa kamba. Halafu tundikeni kipande cha jarife, ule wavu mkubwa, na waombeni wavuvi wenyewe wasimulie kinachotokea nyangumi anaponaswa, bila kuwaweka kizimbani. Chunguzeni pia kama mifupa ina alama ya kamba au mvunjiko usiopona. Msipoona kitu, andikeni kwamba sababu ya kifo haikujulikana.

Mgeni atawauliza kuhusu Nabii Yunus, hilo halina shaka. Mwelezeni kwamba koo la nyangumi mwenye nundu ni jembamba mno kupitisha mtu, na ya imani waachieni wenye elimu yake.

Yaliyobaki siyasemi kwa ajili yako peke yako, bali kwa kila halmashauri, shule na hoteli ya ufukweni iliyokwisha kupigiwa simu na mtu anayeuza “nyangumi kamili, wiki mbili, na dhamana”. Dhamana hiyo huisha siku malipo ya mwisho yanapofanyika, ilhali mfupa huchukua miaka mitano au zaidi kuonyesha ulichotendewa, na kufikia wakati huo simu ya fundi haipatikani. Mtakeni kila mmoja wao aandike katika daftari la stoo, kwa jina na kwa kipimo, kila dawa anayokusudia kuitia au kuipaka. Wa kwenu akikataa kuandika, Mwalimu, usimpe hata ubavu mmoja wa kujaribia.