Uvimbe wa figo: eti kinyama kikichukuliwa kansa inatawanyika?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 22, tuko Mbagala. Alikuwa akikojoa damu, akapewa dawa za kichocho mara tatu. Sasa altrasaundi imeonyesha uvimbe figo ya kulia. Ana kinasaba cha selimundu ila hajawahi kuumwa. Hospitali wanataka kuchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupima. Mzee wa dawa za asili anasema uvimbe ukichomwa sindano utatawanyika, tumpe kwanza dozi yake ya mwezi mmoja. Tufanyeje?

JIBU: Poleni kwa kuuguza. Mpelekeni wiki hii hii, hiyo dozi iacheni.

Kijana, kinasaba cha selimundu, figo ya kulia, damu kwenye mkojo. Sisi wa hadubini, tunaopima vinyama maabara, tukisoma hivyo tunawaza kansa moja adimu ya medula, sehemu ya ndani ya figo, iliyoelezwa mwaka 1995. Karibu wote wanaoipata wana selimundu au kinasaba chake, na wengi hugundulika ikiwa imeshasambaa. Imesambaa bila sindano ya mtu! Sisemi mdogo wako anayo. Wenye kinasaba hicho hukojoa damu kwa sababu nyingine pia, na vimbe za figo ni nyingi. Altrasaundi inakwambia kuna kitu, haikwambii ni kitu gani.

Kwenye kinyama naweka rangi ya kutafuta protini iitwayo INI1. Chembe za kinga zilizo pembeni zinageuka kahawia, viini vya chembe za kansa hii havishiki rangi. Jibu hilo ndilo linalochagua dawa, maana zile za kansa ya kawaida ya figo haziiwezi.

Sindano kuacha chembe za kansa njiani kumewahi kutokea, mara chache mno. Ninachokiona mimi ni mtu kunywa mizizi miezi sita, kansa ikafika mapafuni, ndipo akachukuliwa kinyama. Akifariki, msibani wanasema, "Si walimgusa!" Muuza mizizi hatajwi. Huyo huyo kesho anauza chupa ya kuyeyusha fibroidi, tezi dume na figo, na nguvu za kiume juu.

Halafu nyie mnaokabidhiwa kinyama mkipeleke maabara wenyewe. Niliwahi kuletewa kipande cha figo kwenye chupa ya maji ya kunywa, kinaelea kwenye maji ya dripu, siku ya nne. Kimeoza. Dai fomalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze, iwe nyingi mara kumi ya kinyama chenyewe, na hakikisha kwenye fomu wameandika kwamba ana kinasaba cha selimundu. Mara nyingi hawaandiki.