Maswali ya Wasomaji: Wenye Matanga na Wenye Injini

SWALI: Nina mashua ya tanga ya wastani, na mara nyingi ninasafiri na familia yangu. Boti za injini hunipita karibu mno. Wapo manahodha wanaopita kwa kasi bila kujali, lakini wapo pia wanaopunguza mwendo kidogo wanaponikaribia, na la ajabu ni kwamba hawa wa pili ndio wanaonitikisa zaidi. Tanga linapigapiga, mashua inakwenda mrama, na safari iliyopita ule mti ulioshika tanga kwa chini nusura umpige binti yangu kichwani. Je, wananifanyia makusudi? Na sheria inanipa haki gani?

JIBU: Ulichokiona ni kweli, lakini sababu yake si makusudi, angalau kwa wengi wao. Boti ya injini yenye umbo la kuteleza ina hali tatu za kwenda. Ikienda polepole, inalala majini na kuyasukuma kando kwa upole, na mawimbi yake ni madogo. Ikienda kasi sana, inainuka na kuteleza juu ya maji, na mawimbi yake hupungua tena kwa kiasi. Kati ya hali hizo mbili kuna mwendo wa katikati ambapo omo, yaani sehemu ya mbele, huinuka, tezi, yaani sehemu ya nyuma, huzama, na boti nzima huchimba maji kama jembe. Hapo ndipo linapozaliwa wimbi kubwa kuliko yote. Nahodha aliyekuwa akienda kasi, akakuona, akarudisha mkono wa mafuta kidogo kwa nia ya kukuheshimu, huiingiza boti yake katika hali hiyo hasa, tena ubavuni pako. Adabu anayo, ila hajui chombo chake kinafanya nini nyuma yake, na kwa kuwa anatazama mbele hatalijua mpaka aambiwe.

Anayetaka kupunguza kweli apunguze mpaka omo ishuke na boti ilale sawa, na afanye hivyo mapema, maana wimbi alilokwisha kulitengeneza haliondoki kwa sababu yeye amepunguza. Linaendelea na safari yake na kukufikia vilevile. Boti nzito zisizoteleza nazo zina mpaka wao. Chombo chenye urefu wa mita 9 pale kinapogusa maji hufikia ukomo wake wa kawaida kwenye takriban kilomita 13 kwa saa, na kila kinacholazimishwa zaidi ya hapo huishia katika wimbi, si katika mwendo. Ikumbukwe pia kwamba nguvu ya wimbi haiongezeki sawasawa na kimo chake: wimbi lenye kimo maradufu hubeba nguvu mara nne. Kwenye maji ya kina kifupi wimbi hilohilo husimama wima zaidi, na ndiyo maana linaloonekana la kawaida katikati ya maji huwa balaa karibu na ufukwe.

Kwa nini wewe unaumia zaidi kuliko mwenye injini aliyepitwa vivyo hivyo? Mashua inapoyumba, ncha ya mlingoti hupita hewani kwa kasi kubwa, ikienda na kurudi, na upepo uliokuwa umelijaza tanga hutoka. Kama upepo ni mkali, tanga hujaa tena mara moja. Kama ni hafifu, mashua husimama, na mashua iliyosimama haina usukani, kwa kuwa usukani hushika maji yanayopita tu. Mwenye injini hukuona umezubaa na kushangaa kwa nini hujiondoi njiani, kumbe mwendo wako ameuchukua yeye.

Kuhusu haki, Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, zilizoanza kutumika mwaka 1977, zinasema wazi katika Kanuni ya 13 kwamba chombo chochote kinachokipita kingine kutoka nyuma ndicho kinachopaswa kujitenga nacho, hadi kiwe kimekipita kabisa na kuwa mbali. Wimbi lenyewe halikutajwa humo. Hilo hushughulikiwa na sheria za bandari na za maji ya ndani, ambazo mara nyingi huweka kikomo cha mwendo. Lakini haki ya kwenye karatasi haitamkinga binti yako, kwa hiyo jilinde. Wimbi likija usilipokee ubavuni. Geuza omo ulipokee kwa mshazari, kisha urudi kwenye njia yako, baada ya kutazama nyuma kwamba hakuna mwingine anayekuja. Upepo ukiwa unatoka nyuma, funga mti wa tanga kwa kamba inayouzuia usirudi upande wa pili. Na jambo ambalo wenzako wengi wa matanga hawapendi kulisikia: kama unatumia injini katika mlango mwembamba, yaani njia finyu ya maji, na boti kubwa inataka kukupita, punguza mwendo wewe kwanza. Ukiendelea kwa mwendo wako wote, yeye hawezi kukupita bila kwenda kasi kuliko wewe, na huko kwenda kasi ndiko kunakoleta wimbi unalolilalamikia. Ukipunguza, naye ataweza kupita polepole.

SWALI: Mimi ni mwenye boti ya injini, na nimechoshwa na watu wa matanga. Hivi karibuni nilikuwa ndani ya mlango mwembamba wenye maboya, nikiwa nimeshika upande wangu wa kulia kama inavyotakiwa. Mashua ya tanga ikakata mbele yangu, ikageuka, ikakata tena, na nahodha wake akanitolea maneno mabaya kwamba mwenye tanga ndiye mwenye njia siku zote. Nilipompita niliona maji yakitoka kwenye bomba la injini yake. Je, ni kweli mwenye tanga ana haki daima?

JIBU: Si kweli, na hayo maji yaliyotoka kwenye bomba yanamaliza nusu ya kesi. Kanuni ya 3 inakihesabu chombo kuwa cha tanga pale tu ambapo injini yake, kama anayo, haitumiki. Akiiwasha ikamsukuma, hata kama matanga yote yamejaa upepo, mbele ya kanuni yeye ni chombo cha injini kama wewe, na Kanuni ya 25 inamtaka mchana atundike mbele koni iliyoelekezwa ncha chini ili wengine wajue. Kanuni hiyo haiisamehe hata mashua ndogo. Ni koni ninayoiona mara chache mno, na kwa maoni yangu hakuna uzembe wa watu wa matanga unaozaa ugomvi mwingi kuliko huu: mtu anatembea kwa injini huku akidai heshima ya tanga.

Hata asingewasha injini, asingekuwa na haki kila mahali. Kanuni ya 18 inamtaka mwenye injini ampishe mwenye tanga, lakini mwenye tanga akikipita chombo kingine kutoka nyuma ni yeye anayepaswa kujitenga, na ni yeye pia anayempisha anayevua kwa nyavu au kwa zana nyingine zinazomzuia kugeuka, na chombo kilichopoteza uwezo wa kujiongoza. Ndani ya mlango mwembamba, Kanuni ya 9 inamkataza mwenye tanga, na chombo chochote kifupi kuliko mita 20, kukizuia chombo ambacho hakiwezi kupita salama nje ya mlango huo. Hapo jiulize kwa uaminifu: je, boti yako haikuwa na maji ya kutosha nje ya maboya? Boti nyingi za injini zinaelea kwenye kina kifupi kuliko mashua yenye mkuku mrefu, ule uti wa chini unaozama majini. Ikiwa ungeweza kutoka pembeni bila kukwama, na ikiwa yeye kweli alikuwa akisukumwa na upepo peke yake, ulikuwa na wajibu wa kumpisha.

Huko kukata na kugeuka kusikuudhi pia. Mashua ya tanga haiwezi kwenda moja kwa moja kuelekea unakotoka upepo. Nyingi hazifiki karibu zaidi ya nyuzi 45 hivi, kwa hiyo nahodha hana budi kubisha, yaani kwenda upande huu kisha upande ule mpaka afike. Ukiona upepo unatoka huko anakoelekea, tarajia kwamba karibu na ukingo wa mlango atageuka, na pita nyuma ya tezi yake badala ya kujaribu kumwahi mbele. Kumpita upande wa goshini, unakotoka upepo, kwa boti ndefu kwenda juu, ni kumzibia upepo.

Njia ya kujua kama mtagongana haihitaji chombo chochote zaidi ya dira. Mpime mwenzako mara mbili au tatu: kama uelekeo wake haubadiliki huku umbali ukipungua, mnakutana. Hapo anayepaswa kupisha ageuke mapema na kwa kiasi kikubwa, ili mwenzake aone waziwazi. Kugeuka kidogokidogo humfanya mwingine abahatishe, na kubahatisha majini kumevunja vyombo vingi. Anayepishwa naye ashike njia na mwendo wake, hadi atakapoona kwamba mwenzake hachukui hatua. Milio mitano mifupi ya honi, au zaidi, ina maana kwamba sielewi unachokusudia. Itumie hiyo badala ya matusi, kwani inasikika mbali zaidi.

SWALI: Tulitia nanga mbali na wengine, lakini usiku boti ya injini iliyo jirani ikatugusa, ingawa hakuna nanga iliyoburuta. Nani mwenye kosa? Na je, kuna saa ya kuzima jenereta?

JIBU: Kosa ni la aliyefika mwisho, kwani desturi ya manahodha ni kwamba wa kwanza ndiye anayepanga nafasi, na anayefuata hujipima kwake. Vyombo vyenu havizunguki pamoja. Mashua yenye mkuku mrefu hushikwa na mkondo wa maji, na boti nyepesi yenye nyumba juu husukumwa na upepo. Mkondo ukigeuka dhidi ya upepo, mnaweza kuelekeana. Aliyetumia kamba badala ya mnyororo huhitaji kuiachia ndefu zaidi, kwa hiyo naye huzunguka duara kubwa zaidi. Muulizeni jirani ametoa urefu gani kabla giza halijaingia. Jenereta izimwe watu wanapokwenda kulala, lakini kabla hamjalalamika tazameni mlingoti wenu: henza, zile kamba za kupandishia tanga, zinazogonga chuma usiku kucha husikika kwa jirani kama nyundo, na kipande cha kamba cha kuzivuta kando na mlingoti kinatosha kuzinyamazisha.