Je, bendera za maombi zinafaa kanisani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa kikundi cha wanawake katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Wageni wa usharika rafiki kutoka Marekani walitufundisha kutengeneza bendera za maombi. Unachukua kipande cha kitenge kilichobaki kwa fundi, unakunja upindo juu, unaandika au kushona ombi lako, kisha zote zinapitishwa kwenye kamba na kutundikwa uwanjani. Kina mama wameipenda sana kazi hii. Lakini mzee mmoja wa kanisa anasema ni mambo ya Wabuddha, tena yanafanana na vitambaa vya kwa mganga. Tuendelee au tuache?

JIBU: Amina, mama. Kwanza, mzee huyo msimpuuze. Kamba za bendera za namna hiyo zinajulikana hasa Tibet na nchi za milima ya Himalaya. Wabuddha wa huko huchapa maneno yao matakatifu, mara nyingi pamoja na picha ya farasi wa upepo, kwenye vitambaa vya buluu, nyeupe, nyekundu, kijani na njano. Wanaamini kuwa upepo ukipuliza, baraka huenea kwa viumbe wote. Tuwaheshimu katika imani yao, ila si yetu. Bwana alisema tusipayuke-payuke tukidhani tutasikiwa kwa wingi wa maneno (Mathayo 6:7). Kitambaa kinachopepea mchana kutwa hakikuombei.

La mganga linanigusa zaidi, maana liko karibu nasi. Wengi wetu tumeona vitambaa vyekundu na vyeupe vilivyofungwa kwenye mti wa mizimu. Aliyebatizwa juzi akitokea huko, akikuta vitambaa kwenye mti wa kanisa, ataelewa nini? Kwa hiyo msitundike mtini. Fungeni kamba ukutani, ndani ya kanisa, na mchungaji wenu aeleze maana yake ibadani kabla bendera ya kwanza haijapanda.

Sasa nisomee habari za mfalme Hezekia. Alimvunja nyoka wa shaba, ambaye Musa mwenyewe alimtengeneza kwa agizo la Mungu, kwa sababu watu walikuwa wanamfukizia uvumba (2 Wafalme 18:4). Ukifungua sura inayofuata, Hezekia huyo huyo anapokea barua ya vitisho vya Waashuri, anapanda nyumbani mwa BWANA na kuikunjua mbele zake (19:14). Kisha anaomba kwa kinywa chake. Barua haikumwombea. Ilibeba mzigo wake hadi pale alipoomba. Bendera yenu ikiwa barua ya Hezekia, ni njema. Ikianza kuwa nyoka wa shaba, ivunjwe.

Utajuaje? Ukisikia mtu anaigusa apate bahati, au anaona akiitundika hana haja ya kufika kwenye maombi, ujue imeshageuka.

Mimi ningeitumia kati ya Kupaa na Pentekoste, siku zile wanafunzi walipodumu katika kusali pamoja na wanawake (Matendo 1:14). Kila jioni teremsheni bendera chache, ombi lisomwe kwa sauti, mliombee, mzirudishe. Siri za nyumba za watu na majina ya wagonjwa visiandikwe bila wenyewe kuridhia. Andikeni tu "kwa ajili ya jirani", Mungu anamjua.

Wasiojua kuandika wasiachwe nyuma. Katika usharika niliowahi kuhudumu, bibi mmoja alishona vifungo vitatu vya shati kwenye kitambaa chake, kimoja kikining'inia kwa uzi mrefu. Nilidhani hajamaliza. Akaniambia hao ni wajukuu wake watatu, na huyo anayening'inia ndiye aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Jioni ile tulimwombea kijana huyo kuliko tulivyowahi kumwombea mtu yeyote kwa kutajiwa jina tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Kutoka 35:25 inawataja wanawake waliosokota nyuzi kwa mikono yao kwa ajili ya hema ya BWANA.

Pentekoste ikipita, shusheni kamba siku hiyo hiyo. Kila mama aende na kitambaa chake nyumbani, na anayetaka akifumue apate kiraka cha nguo ya mtoto.