Leza inachoraje ndani ya kioo bila kugusa juu?
Ami, umeuliza vipi ichore katikati na juu kusiwe na hata mkwaruzo. Mwanga wa leza hizi, kwa kawaida infraredi (usioonekana kwa macho), hupita kwenye kioo bila kumezwa, maana fotoni (chembe ya mwanga) moja peke yake haina nguvu ya kung'oa elektroni. Sasa fikiri wanavyoshua jahazi Nungwi: akisukuma mmoja halitikisiki, wakisukuma wote kwa mpigo linakwenda. Lenzi inakusanya mwanga kwenye nukta moja ndani, kwa femtosekunde 100 hivi (femtosekunde 1 ni sekunde ukiigawa mara milioni bilioni!). Hapo fotoni kadhaa zinamezwa pamoja, elektroni zinang'oka, na mwanga umeshakwisha kabla joto halijasambaa pembeni. Nishati ikiwa ndogo, kioo kinabadilika tu namna kinavyopinda mwanga. Ikizidi kidogo, vinajipanga vijistari vya nano (vidogo mno) vyenyewe kwa vyenyewe, na hichi ndicho kinachonishangaza mimi. Ikiwa kubwa, linabaki tundu. Microsoft wamejaribu kuhifadhi data hivyo hivyo, ndani ya kioo cha silika. Ule mchemraba wa kioo wenye picha ndani ulouona dukani Darajani ni mwengine: aghalabu leza ya nanosekunde (kila moja ni femtosekunde milioni), na zile nukta nyeupe ni vijiufa.